Sifa za Kishikio Kipya

Katika miaka yote aliyofanya kazi kwenye karakana ya serikali chini ya kilima cha Naguru, Faustino Ojara hakuwahi kumjibu mkubwa wake kwa neno "sijui". Si kwamba alijua kila kitu. Neno lenyewe halikuwa na mahali pale. Mkubwa akiuliza, unakaza mgongo, unasema "Ndiyo, afande," halafu akishaondoka ndipo unaanza kutafuta namna ya kuifanya ndiyo yako iwe kweli. Walifanya hivyo wote, tangu mlinzi wa lango hadi karani wa stoo. Kulikuwa na Landrova moja ambayo, kwa ndiyo za namna hiyo, ilikwisha kuripotiwa kuwa inatembea, na injini yake bado ilikuwa sakafuni juu ya gunia.

Ojara alikuwa Mwacholi wa upande wa Kitgum, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama ya mtu anayepita mlango mfupi. Alisomea ufundi kwa mapadri, akaja Kampala akiwa kijana, akaoa, akapewa chumba na sebule kwenye laini za Naguru, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa serikali. Baada ya jeshi kutwaa serikali mwaka 1971, Waacholi wenzake wengi waliokuwa askari kambini waliuawa, na wengine wakakimbia. Yeye, raia mwenye ovaroli, aliachwa. Hakuna aliyemwambia kwa nini ameachwa, naye hakuuliza. Alijihadhari tu asionekane. Hakucheka kwa sauti, hakuvaa shati jipya siku za kazi, na kila alipoulizwa alijibu kile alichotarajiwa kujibu.

Kwenye kona ya karakana, karibu na dirisha, ilisimama mashine ndogo ya kukereza vyuma. Urefu wake haukuzidi wa kitanda cha mtoto, lakini karakana nzima iliitegemea. Tangu Wahindi walipofukuzwa nchini mwaka 1972, vipuri vya magari vilikuwa vimeadimika. Bushi, pini na bolti zilizokuwa zikinunuliwa dukani sasa zilitengenezwa pale konani kutokana na chuma chakavu. Aliyezitengeneza alikuwa Khisa, Mbukusu wa Bungoma, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Ojara alikuwa msaidizi wake. Alikata vyuma, alitoboa, na kazi nyepesi za kukereza aliachiwa.

Mchana walikula pamoja. Khisa alifungua ugali na mboga za mkewe Nafuna, Ojara akatoa odi, ile siagi ya ufuta na karanga aliyosaga Akot, mkewe. Khisa alipenda kumtania kwamba Waacholi wangeweza kupaka odi hata kwenye gia.

"Na gari lingekwenda," Ojara alimjibu.

"Lingekwenda, lakini kuku wote wa Kampala wangelifuata."

Huo ndio uliokuwa urafiki wao, na haukuhitaji maneno mengi zaidi ya hayo.

Mwezi wa Julai 1976 makomando wa Israeli waliuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe. Serikali ya kijeshi ikasema Kenya iliwasaidia. Kuanzia hapo kuwa Mkenya mjini Kampala ikawa hatari ya kufa. Watu walichukuliwa majumbani na kwenye vituo vya mabasi, mchana kweupe, wakatiwa kwenye buti za magari, na wengi hawakuonekana tena.

Asubuhi moja ya wiki hizo aliingia Kapteni, ofisa wa jeshi aliyekuwa amewekwa kuisimamia karakana. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole iliyowatisha watu kuliko kelele. Khisa alikuwa kwenye jiwe la kunolea, amewapa mgongo, ananoa kisu cha mashine. Cheche zilimrukia miguuni.

Kapteni alimtazama kitambo, kisha akamgeukia Ojara.

"Wewe Ojara. Kama hii Mukenya nakwenda, peke yako hii mashine nawezana nayo?"

"Ndiyo, afande."

Jibu lilitoka kabla hajalipima. Kapteni aliitikia kwa kichwa na kuondoka. Jiwe la kunolea liliendelea kuvuma, na Ojara akajiambia kwamba katika mvumo ule hakuna aliyesikia kitu. Kesho yake Khisa alizuiwa langoni. Mlinzi alimwambia arudi nyumbani, jina lake halipo tena.

Ojara alilifikiria jibu lake siku nyingi, na kila alipolifikiria uso ulimpata moto kana kwamba amepigwa kofi mbele ya watu. Kama angesema, "Kazi itachelewa, afande," asingekuwa amefanya ushujaa wowote. Angekuwa amesema kweli tu. Kapteni alihitaji bushi zake, na huenda angemwacha Khisa mahali pake, kwa kuwa mtu anayehitajiwa aliguswa mwisho. Lakini hakusema. Sasa alisimama kwenye mashine ya Khisa, na wenzake walipopita walimsalimu kama unavyomsalimu mtu uliyemkuta amevaa koti la jirani yako.

Mbaya zaidi, kazi hakuiweza vizuri.

Ugumu ulikuwa kwenye visu. Ncha ya kisu cha kukerezea lazima isimame sawasawa na kitovu cha chuma kinachozunguka. Ikishuka au ikipanda kidogo tu, chuma kinararuka badala ya kukatika. Kishikio cha zamani cha mashine ile kilikuwa cha kubana kwa bolti. Ili kukiinua kisu kifike kimo chake ilibidi kukiwekea chini vipande vya bati vilivyokatwa kwenye makopo ya mafuta ya Kimbo, kimoja juu ya kingine, na kila ulipobadilisha kisu ulianza upya. Khisa alivichagua vile vibati kwa kidole, bila kutazama. Ojara alivichagua kwa kubahatisha, akakosea, akarudia. Bushi zake zilitoka na mikwaruzo.

Ndipo Kapteni alipoleta kasha la mbao. Lilikotoka hakuna aliyeuliza. Ndani yake mlikuwa na kishikio kipya cha kubadilisha visu kwa haraka. Kilikuwa bonge la chuma cheusi lenye mkono mfupi ubavuni, pamoja na vibebeo kadhaa vya visu. Unakiteremsha kibebeo kwenye ubavu wa bonge, unavuta mkono, kinakaza. Ukiusukuma mkono, kinatoka, unaweka kingine. Kila kibebeo kina skrubu yake ya kupanga kimo, na ukishakipanga hukipangi tena. Vibati vya Kimbo havina kazi.

"Ijumaa nakuja na Kanali," Kapteni alisema. "Nataka naona hii kitu nafanya kazi. Wewe najua kuifunga?"

"Ndiyo, afande," alisema Ojara, ambaye hakuwa amewahi kuona kitu kama kile.

Kukifunga, hata hivyo, kulionekana ni jambo dogo. Katikati ya bonge ilipita bolti nene, na mwisho wa bolti, chini, kulikuwa na nati ya mraba. Nati hiyo ilitakiwa kuingia kwenye mfereji uliochimbwa juu ya kile kipande cha mashine kinachobeba kisu. Mfereji ulikuwa mwembamba juu na mpana chini, ili nati ikishaingia kutoka ubavuni isiweze kung'oka kwenda juu. Ojara aliisogeza nati kwenye mfereji. Haikuingia. Ilikuwa nene kila upande, kama mtu aliyepewa kiatu cha mwanawe.

Fundi wa mahali pengine labda angeikata nati. Ojara hakulifikiria hilo hata kidogo. Kwenye karakana ile kitu kipya cha stoo hakikuguswa kwa tupa. Ukikipunguza umeharibu mali ya serikali, na jina la kosa hilo lilikuwa hujuma. Mashine kuukuu ilikuwa kitu kingine, kwani ilikwisha zoea kukwaruzwa. Basi alichukua tupa akaanza kuupanua mfereji wa mashine.

Obwona, mchomeleaji, alikuja akasimama nyuma yake na miwani yake myeusi paji la usoni. Alikuwa Mwacholi mwenzake, mpana wa kifua, mwenye mdomo usiopumzika, na alikuwa akimpenda Khisa waziwazi.

"Ndugu yangu, unainoa hiyo mashine au unaichinja?"

"Naitengeneza."

"Aa. Mimi nikidhani wewe ndiye bingwa sasa. Khisa angekuwa amemaliza, anatafuta sukari ya chai."

Ojara aliendelea kupiga tupa. Obwona aliondoka akipiga mluzi. Ojara alipoutazama tena mfereji, aliona ukingo wake umeanza kung'aa na kuwa mwembamba. Ni ukingo huo ambao ungeishika nati nguvu zote zitakapoivuta. Angeupunguza zaidi, ungevunjika, na chuma cha kusubu, kile cha kumiminwa kwenye kalibu, kikivunjika hakina dawa. Aliweka tupa chini.

Akot ndiye aliyejua Khisa yuko wapi. Alikuwa amekutana na Nafuna sokoni Nakawa, wakasalimiana haraka haraka kama watu wasiojuana. Nafuna alimnong'oneza kwamba wamehamia Kibuli, nyuma ya msikiti, kwenye nyumba ya Hajati mmoja aliyewapa chumba cha uani. Akot alimwambia mumewe siku ileile. Ojara aliitikia tu, na hakwenda. Sasa Jumapili aliifunga nati kwenye kitambaa, akaitia mfukoni, akashuka kilima kwa miguu.

Kwenye kizuizi cha barabara ya Jinja askari mmoja alimpapasa akaitoa.

"Hii nini? Wewe nabeba kombora?"

"Nati, afande. Ya mashine ya kazini."

"Nati gani kubwa hivi? Ya gari ya Mungu?" Wenzake wakacheka, na Ojara akacheka pamoja nao, kicheko chembamba cha mtu anayelipia njia. Askari aliipima nati mkononi, akairusha juu, akaidaka, akamrudishia. "Haya, pita. Salimia Mungu."

Nyumba ya Hajati aliifikia wakati wa adhana ya alasiri. Nafuna alifungua mlango wa uani kidogo, akamwona, na uso wake ukafunguka.

"Shemeji! Ingia, ingia upesi. Akot hajambo? Nilijua mtakuja tu. Nilimwambia huyu, watu wa Naguru hawatatutupa."

Ojara aliingia akiinama. Chumba kilikuwa kimoja, godoro limesimamishwa ukutani, watoto wamelala kwenye mkeka. Khisa aliinuka kutoka kwenye kigoda. Alikuwa amefuga ndevu na amevaa kanzu.

"Unamtafuta nani, bwana?" alisema. "Khisa hayupo. Mimi ni Mgisu wa Mbale."

Kibukusu cha Kenya na Kigisu cha Uganda ni lugha zinazosikilizana, na mtu asiye wa huko hawezi kuzitenganisha. Ndiyo ilikuwa kinga yao, na Khisa alikuwa amekwisha igeuza kuwa mzaha. Ojara alijaribu kutabasamu.

Nafuna alichemsha chai. Sukari siku hizo ilikuwa haipatikani mjini ila kwa kujuana na mtu, na Ojara alimwona akitoa pakiti ndogo ya karatasi iliyokunjwakunjwa, akaikung'uta yote kwenye kikombe cha mgeni. Cha mumewe hakikupata kitu.

"Shemeji, usihangaike, mimi nakunywa hivihivi."

"Utakunywaje hivihivi nyumbani kwangu? Kunywa." Alikaa chini kwenye ukingo wa mkeka. "Wewe ulikuwepo siku ile, shemeji. Hebu niambie, watu wale wana roho gani? Huyu alirudi akaniambia, afande aliwauliza kama wanaweza kazi bila yeye, wakasema wanaweza. Wakasema! Watu aliowafundisha kwa mikono yake. Ni akina nani hao?"

Ojara alikuwa amekishika kikombe karibu na mdomo. Kikombe kilibaki hapo. Khisa alisikia. Katika mvumo wote ule wa jiwe la kunolea alisikia swali na akasikia jibu, akarudi nyumbani, na alipomsimulia mkewe akasema "wakasema". Khisa alimgeuza mtu mmoja kuwa wengi, ili jina la Ojara lisitajwe ndani ya chumba hiki.

Alimtazama Khisa. Khisa alikuwa akitazama chai yake.

"Mama Wafula," Khisa alimwambia mkewe polepole, "mgeni hakuja kuhojiwa. Faustino, umekuja na kitu. Mfuko wako umelala upande mmoja."

Ojara alitoa nati. Alieleza habari za kasha, za Ijumaa, za Kanali. Khisa aliichukua nati, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, na kwa mara ya kwanza tangu Ojara aingie macho yake yakawa yale ya kazini.

"Kwa hiyo kimekuja kishikio chenyewe," alisema. "Nilikiona kimoja Nairobi, kwenye karakana ya reli. Na wewe umefanyaje?"

"Nimeanza kupanua mfereji."

"Wa mashine?"

"Wa mashine."

Khisa alifumba macho. "Umetoa mwingi?"

"Kama unene wa ukucha."

"Basi acha hapohapo. Usiuguse tena. Faustino, hii nati wameiacha nene makusudi. Hawajui wewe una mashine gani, kwa hiyo wanakupa chuma kizima, ukate mwenyewe kwa kipimo cha mfereji wako."

Alichukua kaa la jiko akachora sakafuni. Nati ilitakiwa kuwa na mabega chini na shingo juu, mabega yakae kwenye upana wa mfereji na shingo ipite kwenye wembamba wake. Hakuna haja ya mashine nyingine, alisema, msumeno wa chuma na tupa vinatosha. Paka masizi ya taa kwenye nati, iingize, itoe, na pale masizi yalipofutika ndipo inapogusa. Punguza hapo, si penginepo. Na shingo isifike juu ya mfereji. Ikichungulia juu, utakaza mpaka jasho likutoke na bonge litabaki likichezacheza, kwa sababu litakuwa limekalia nati badala ya kukalia mashine.

"Na ukikaza, kaza kwa mkono mmoja. Umekwisha upunguza ule ukingo. Ukitumia mikono miwili utaupasua."

"Na kimo?"

"Ukishafunga, kereza uso wa chuma mpaka katikati. Kikibaki kichunusi pale kitovuni, ncha haijafika kimo. Geuza skrubu mpaka kichunusi kiishe."

Alieleza kwa furaha isiyofichika, kanzu imekunjwa magotini, vidole vyeusi kwa kaa. Ojara alisikiliza, na kila neno alilolielewa lilimwumiza. Alipokuwa tayari kuondoka alisema, kwa sauti ya chini ili Nafuna asisikie, "Ndugu yangu, siku ile mimi..."

"Faustino." Khisa alimkata. "Jumamosi kuna lori la kwenda Mbale. Dereva ametukubali. Kutoka Mbale tutatembea mpaka Lwakhakha mpakani, na ng'ambo ya mto ni kwetu. Nikifika Jumamosi bila mtu kukumbuka kwamba niko mjini, watoto wangu watapona. Unanielewa? Ijumaa wakikusifu, pokea. Usinitaje. Hata kwa wema, usinitaje. Yule Kapteni akijua niko Kibuli atanirudisha kwenye mashine, atasema ananilinda, na siku atakapochoka kunilinda nitakuwa mikononi mwake na familia yangu yote."

"Lakini watu watasema..."

"Waseme. Wewe utasema nini ndiyo muhimu."

Ojara aliirudisha nati mfukoni. Nafuna alimsindikiza mlangoni, akampa salamu za kumpelekea Akot, akamwita shemeji mara nyingine tena.

Wiki ile aliikata nati. Aliibana, akaipiga msumeno, akaisugua kwa tupa, akaipaka masizi, akaiingiza na kuitoa mpaka Obwona akachoka kumtania. Ilipoingia mwisho, ilienda kwenye mfereji kwa mteremko mmoja wa utulivu, bila kukwama na bila kucheza. Alikaza kwa mkono mmoja. Bonge lilikaa kana kwamba lilizaliwa na mashine. Alikereza uso wa kipande cha chuma, kikabaki kichunusi kidogo katikati, akageuza skrubu, akakereza tena, na uso ukatoka safi kama kioo cha saa. Katika maisha yake ya ufundi hakuwa amewahi kufanya kazi nzuri kama ile. Aliitazama, na hamu iliyomjia ilikuwa ya kuifunika kwa gunia.

Ijumaa mafundi wote walipangwa mstari. Kapteni aliingia na Kanali, mtu mkimya mwenye miwani. Ojara alikereza, akavuta mkono, akabadilisha kisu, akakata ncha, akabadilisha tena, akakata uzi wa skrubu, yote bila kutafuta kibati hata kimoja. Kanali aliichukua pini ikiwa bado ya moto, akaihamisha kutoka kiganja hadi kiganja, akaipeleka kwenye mwanga.

"Nani amefunga hii?" aliuliza.

Kapteni alinyoosha kidole. "Hii Muacholi yangu, sir. Ojara."

"Umefundishwa wapi?"

Ojara aliwasikia wenzake wakipumua. Alijua Obwona anamtazama. Kabla hajafungua kinywa Kapteni aliingilia, kwa ile sauti yake ya upole.

"Tulikuwa na Mukenya hapa, sir, fundi kabisa. Siku ile mimi nakosea, namuacha nakwenda. Kama mutu hapa najua yeye nakaa wapi, naniambia. Mimi naweza murudisha kazini leo, na hakuna mutu nagusa yeye. Ojara, wewe ulikuwa rafiki yake. Wewe najua?"

Kwa muda mfupi Ojara aliuona mlango ukifunguka. Neno moja, na kila kitu kingenyooka. Khisa angerudi mahali pake, mashine ingerudi kwa mwenyewe, na Obwona pamoja na mstari mzima wangesikia ni nani hasa aliyeifanya kazi ile. Na yeye angelala usingizi. Alilitaka neno hilo kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Kisha akamwona Nafuna akikung'uta karatasi ya sukari, na akafahamu kwamba mlango ule ulikuwa wake yeye tu. Khisa asingepata njia ndani yake.

"Alikwenda kwao, afande," alisema. "Zamani. Hii kazi ni yangu. Nimejifunza mwenyewe."

"Mwenyewe!" Kanali alimgeukia Kapteni. "Mfanye mkuu wa mafundi."

"Ndiyo, sir. Haya, pigeni makofi!"

Makofi yalipigwa. Ojara alisimama kwenye mashine, mikono imemning'inia, mafuta yakimtiririka hadi kwenye viwiko, na alihisi kila kofi likimdondokea usoni. Obwona hakupiga. Alikuwa ameishusha miwani yake myeusi machoni, mchana ule, ndani ya nyumba, na hakuna kazi ya moto mbele yake.

Walipotawanyika alimpita Ojara karibu sana.

"Umejifunza mwenyewe, mzee," alisema. "Hata kumzika mtu aliye hai umejifunza mwenyewe."

Ojara aliinama akazoa vinyuzi vya chuma vilivyoanguka.

Jumamosi lori liliondoka. Zilipita wiki kadhaa kabla Akot hajaletewa salamu sokoni na mwanamke wa Mbale asiyemjua: shemeji yake amejifungua salama, mama na watoto hawajambo. Nafuna hakuwa mja mzito; maana yake walikuwa wamevuka. Akot aliileta habari nyumbani akilia na kucheka. Ojara alitoka nje akakaa nyuma ya nyumba mpaka alipoweza kurudi ndani na uso wa kawaida.

Kazini hakusema kitu. Dereva wa lori alikuwa bado anaishi mjini, Hajati bado anaishi Kibuli, na habari moja ikitoka huvuta nyingine. Basi alibeba cheo chake. Obwona alimwita "bwana mkubwa" na kuhamisha chakula chake cha mchana upande wa pili wa karakana, na wengine wakamfuata. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Ojara alikula peke yake kando ya mashine.

Serikali ya kijeshi ilianguka Aprili 1979. Karakana iliporwa, makasha yakabebwa, na hata lango likang'olewa. Mashine ndogo tu ndiyo iliyobaki, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuiinua. Ojara na Obwona walikutana pale wakifagia vioo, na jioni ileile walijikuta kwenye benchi moja la klabu ya pombe chini ya Naguru, kwa sababu hapakuwa na benchi lingine. Ndipo Ojara aliposimulia. Alianzia kwenye nati mfukoni na mzaha wa askari, akaja Kibuli, kanzu, kaa la jiko, lori la Mbale, Lwakhakha, na Ijumaa ya makofi.

Obwona alisikiliza mdomo wazi. Kisha akampiga mgongoni nusura amwangushe.

"Wewe mtu! Miaka yote hii! Na mimi ninakuita majina! Mama, lete chupa nyingine, njoo usikie huyu mtu alivyofanya!" Machozi yalikuwa yakimtoka. Alimshika Ojara shingoni, akamtikisa, akamwombea baraka kwa Kiacholi, akamwomba radhi, akamwomba tena. Halafu, akijifuta pua, akauliza, "Lakini nani basi alimchongea Khisa kwa Kapteni? Hilo mimi sijalielewa mpaka leo."

Ojara alikishika kibuyu cha pombe kwa mikono miwili. Benchi zima lilikuwa limewageukia sasa, nyuso za watu wakarimu wenye furaha ya kuwa hai, wakingoja.

"Siku zile zilikuwa mbaya," alisema.

"Mbaya kabisa," Obwona alikubali, akainua chupa.

Obwona hakuwa mtu wa kukaa na habari. Kabla ya wiki kwisha hadithi ya Ojara ilikuwa imepanda kilima hadi kwenye laini, ikashuka Nakawa sokoni, na kila ilipopita iliongezeka kidogo. Wanawake walisimama kumsalimu. Wazee walimpisha njia na kumwita baba. Ojara aliitika, akashukuru, akapita. Baadaye alianza kwenda kazini kwa njia ya nyuma, ile ya kando ya mtaro, iliyo ndefu zaidi na yenye matope, ambako hakuna mtu anayekaa nje asubuhi.